Mkwe wa Chumba cha Simu

Barua ilikuwa na mistari sita tu, lakini Dereva wa gari la kuzimia moto aliisoma kama mtu anayemeza dawa chungu. Alipofika mstari wa nne alikohoa, akarudi wa tatu, akakohoa tena.

"Soma, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Karatasi haing'ati."

Basi akasoma yote. Kwamba mashine ya umeme wa akiba iliyomo katika chumba cha simu imechakaa, na Jumatano italetwa mpya yenye kioo cha maandishi. Kwamba mashine hiyo itahitaji mtu wa kusoma kioo hicho. Kwamba kwa sababu hiyo mpokea simu wa sasa atahamishiwa meza ya wageni, langoni, na uongozi unamshukuru kwa miaka yake ishirini na sita. Chini kulikuwa na sahihi ya Mkuu wa kituo na muhuri, na Dereva akaongeza kwamba hata muhuri wenyewe umepigwa kombo.

Shangazi alicheka kidogo kwa ajili ya muhuri. Kisha akanyoosha mkono, akapewa barua, akaiweka kwenye kona ya meza anapoweka kikombe chake, akapokea simu iliyokuwa ikilia.

"Zimamoto. Sema ulipo kwanza."

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni, ila askari wote wa zimamoto walimwita hivyo, na yeye aliwaita wanangu, hata wale waliomzidi umri. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka saba. Alisomea kazi ya simu katika shule ya wasioona, akafika kituoni msichana mwenye fimbo nyeupe na magauni mawili ya kazi, na tangu siku hiyo mji mzima ukamjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Hata mume alimpata kwa simu. Alikuwa seremala, maranda yalishika moto karakanani kwake, akapiga simu huku anapiga na mayowe, na sauti ya mwanamke ikamtuliza mpaka gari likafika. Wiki iliyofuata alikuja kituoni amebeba kiti alichokitengeneza kwa mkono wake, chenye egemeo la mgongo, akauliza mwenye ile sauti yuko wapi. Wengine huposa kwa maneno matamu. Huyu aliposa kwa mbao, na kiti hicho ndicho Shangazi alichokalia mpaka wiki hiyo ya barua.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Dirisha moja la kutazama uwanja wa magari, swichibodi ya simu, redio ya kuongea na magari yaliyotoka, pangaboi lililokwaruza kila mzunguko wa tatu, na chini ya meza, karibu na mguu wake wa kulia, sanduku zito la chuma lililoitwa yupiesi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Umeme ukiwapo hujishibisha. Umeme ukikatika hutoa lilichoweka akiba, ili simu zisizimike mpaka mtu awashe jenereta. Watu wengi hujua hayo tu, na wapo wasiojua hata hayo, wanadhani ni soketi iliyonenepa. Shangazi alilijua sanduku lile kama mtu anavyomjua mkwe wake, na Mkwe ndilo jina alilolipa.

"Mkwe humtwishi mizigo," alikuwa akiwaambia askari wapya. "Humfuniki. Humgusi ovyo. Na akilalamika, unaacha unachofanya unamsikiliza."

Elimu hiyo hakuipata bure. Miaka kumi na mmoja nyuma, sanduku la kwanza lilipofungwa pale, aliyelifunga alimwachia neno moja tu: "Likilia, puuza, mama. Ni kelele tu." Basi likawa linalia na yeye anapuuza. Mchana mmoja umeme ulikatika. Sanduku likalia, kwanza taratibu, baadaye haraka haraka, na hakuna aliyekuwa amemwambia tofauti ya taratibu na haraka. Simu ikaingia. Mwanamume analia, anasema nyumba inaungua, mke wangu yumo ndani, njooni, njooni. Shangazi akamuuliza jina lake, kama alivyofundishwa shuleni kuanza na jina. Mtu wa watu akaanza kulitaja, na swichibodi ikafa. Sauti ikakatika katikati ya jina.

Gari lilitoka likafuata moshi, likafika limechelewa. Majirani walikuwa wamemtoa yule mke akiwa hai, lakini nyumba ilikwisha yote, na mikono yake haikupata kushika sindano tena. Alikuwa mshonaji.

Shangazi alilia siku mbili. Siku ya tatu aliketi sakafuni mbele ya sanduku, akaanza kulisoma kwa vidole. Hakumuuliza tena yule aliyesema ni kelele tu, angemuuliza nini? Alimwomba Dereva achomoe waya ukutani, yeye ameshika saa yake ya kupapasa, ile inayofunguliwa kifuniko ukagusa mishale, na akahesabu. Milio minne, kisha kimya cha nusu dakika: Mkwe yuko kwenye betri, ana nguvu, usihangaike. Milio ya haraka isiyopumzika: zimebaki dakika mbili, mkimbilie jenereta. Mlio mmoja mrefu usiokatika: ametwishwa mzigo asiouweza. Na ule mdogo, kama wa kifaranga, unaokuja mara moja moja mchana kutwa: betri inazeeka, iitiwe mwenzake.

Nyuma ya sanduku aligundua safu mbili za soketi. Moja ililishwa na betri. Ya pili ilikinga tu vyombo visiungue umeme ukija kwa kishindo, lakini umeme ukikatika haitoi hata tone. Mwaka mzima redio ya magari ilikuwa imechomekwa kwenye hiyo safu ya pili, na wenye macho yao wote walikuwa wakiitazama.

Toka hapo hakuna aliyecheza na Mkwe. Siku moja ulisikika ule mlio mrefu, Shangazi akaufuata waya kwa mkono, chini ya meza, chini ya mlango, kando ya korido, mpaka ofisi ya karani, akakuta mwisho wa waya kuna birika la umeme. Alilichomoa, akalibeba na maji yake ya moto, akaliweka mbele ya mwenyewe. "Chai yako hii," akasema. "Uzito wake nimeshaambiwa." Mke wa Dereva naye aliwahi kumletea kitambaa cha kufuma, chenye maua, cha kulifunikia sanduku lipendeze. Shangazi alishukuru kwa moyo mmoja akakitandika kwenye kiti chake, maana sanduku lile lilipumulia ubavuni, na kwa kauli yake, Mkwe hafunikwi angali hai. Na swali la jina alilitupa kabisa. Tangu mchana ule, awe anayepiga ni mkubwa au mdogo, analia au anatukana, neno la kwanza lilikuwa lile lile: sema ulipo kwanza.

Huyo ndiye aliyekuwa akipelekwa langoni kusema karibuni.

Mkuu wa kituo alikuwa na miezi mitatu tu pale, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumshika. Huyu alikuwa mpole. Akimkuta Shangazi anavuka uwanja alioujua miaka ishirini na sita, alimshika mkono bila kuulizwa akamvusha. Akiongea naye alishusha sauti kama yuko kwa mgonjwa. Siku hiyo hiyo ya barua, Jumatatu mchana, Shangazi alimfuata ofisini.

"Mkuu, nimesomewa barua."

"Shangazi, usinielewe vibaya. Langoni kuna kivuli, kuna upepo. Umefanya kazi ya kutosha, sasa upumzike."

"Sikuomba kivuli."

Mkuu alisogeza sogeza vitu mezani. "Mashine ina kioo, Shangazi. Kina namba, lazima mtu azione. Likitokea la kutokea, nitakayeulizwa ni mimi."

"Na mimi nitajiuliza mwenyewe mpaka nife, kama ninavyojiuliza la yule mtu ambaye hata jina lake sikulimaliza. Nipe mpaka Ijumaa. Fundi akiileta, anifundishe siku mbili. Ijumaa zimeni umeme wa chumba kile bila kuniambia saa. Nikishindwa kusema mashine inafanya nini, nitabeba kiti changu mwenyewe mpaka langoni."

Mkuu akafikiri. Alikubali, lazima asemewe hilo. "Ila kiti kile kizito," akaongeza. "Atakubebea askari."

Fundi alikuja Jumatano asubuhi, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu vya kulialia, akaburuta lile sanduku jipya hadi chini ya meza. Kisha akainama karibu na uso wa Shangazi, akapaza sauti ya kumwamsha aliyezirai. "Mama. Hii. Ni mashine. Mpya."

"Fundi," akasema Shangazi, "yaliyoondoka ni macho. Masikio yapo, na yalikuwa mazima mpaka sasa hivi."

Fundi akaona haya, akaketi sakafuni. Alianza kueleza kioo kinavyong'aa, rangi hii na rangi ile. Shangazi akamkatiza. "Nipe vitufe kabla hujanipa maneno." Akamshika mkono akampitisha. Vilikuwa vinne, katika mstari mmoja. Cha kwanza kikubwa, cha mviringo: ukikishikilia, kinawasha au kinazima kila kitu. Cha pili kinapitisha maneno ya kioo, moja baada ya jingine. Cha tatu kinakubali. Cha nne kinarudi nyuma.

"Na kioo kinasema nini cha maana?"

"Kinasema umebakiwa na dakika ngapi betri kuisha. Hilo ndilo wewe hutaliona, Shangazi." Alikuwa ameshaanza kumwita Shangazi, bila mwenyewe kujijua.

"Kinajuaje?"

"Kinapima."

"Basi na sisi tupime."

Walichomeka taa zenye uzito sawa na swichibodi na redio, wakachomoa waya wa ukutani, Shangazi akafungua kifuniko cha saa yake. Fundi alikuwa na haraka zake, lakini alikaa. Mwanzo kioo kilisema dakika hamsini na tano. Dakika ya arobaini na moja mashine ikaanza milio ya haraka, na dakika ya arobaini na tatu taa zikazimika. Fundi akakitazama kile kioo kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Shangazi alitoa karatasi yake ngumu na msumari wake wa kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona, akatoboa arobaini na moja.

Kutwa nzima alimuuliza kila kitufe, kila njia. Kuna jambo lilimkera Fundi kwenye mashine hiyo: ukiacha kuigusa dakika moja, kioo kinajirudia mwanzo, hata kama ulikuwa umefika mbali. "Linakukera wewe," Shangazi akasema. "Mimi linanipa mahali pa kuanzia kuhesabu." Na ni kweli, maana mwanzo ukiwa pale pale siku zote, kila jambo lina hesabu yake. Kujijaribu: cha pili mara mbili, kisha cha tatu.

"Na sauti yake inazimwaje?"

"Hiyo haina haja, Shangazi. Wewe uizime ya nini?"

"Nijue tu."

"Cha pili mara nne, halafu ushikilie cha tatu. Kuirudisha ni vile vile."

Alhamisi mchana mumewe alifika na kopo la gundi ya mbao. Alipiga magoti chini ya meza bila kusalimia mtu, kama alivyo, akadondosha nukta moja ya gundi juu ya kitufe cha pili, nukta mbili juu ya cha tatu, tatu juu ya cha nne. Cha kwanza akakiacha kitupu. Akangoja gundi ikauke ngumu, akakishika kidole cha mkewe akakipitisha. "Pasipo na nukta," akamwambia, "jua pana shimo. Usikanyage." Kisha akaenda zake kazini.

Jioni hiyo Shangazi na Fundi waliijaribu mashine mara nyingi sana, ikilia na kunyamaza, ikilia na kunyamaza. Mkuu alipita, akasimama mlangoni. "Shangazi, kelele hizi hazikusumbui?" Shangazi alikuwa na mtu simuni aliyejifungia nje, funguo zimebaki ndani, jungu liko jikoni linaungua, akampungia Mkuu mkono tu, kwa maana ya ngoja kwanza. Alipomaliza na jungu, Mkuu alikuwa ameondoka. Saa kumi na moja alichukua fimbo yake akaenda nyumbani.

Ijumaa aliingia mapema. Kila asubuhi tangu alipojifunza milio alikuwa akimjaribu Mkwe, na sanduku jipya lilikuwa limerithi jina hilo na milio ile ile: ambonyeze, asikie mlio wake, ndipo avae visikizi vya simu. Asubuhi hiyo hakumjaribu. Aliona ni kama kuchungulia karatasi ya mtihani, na yeye hakutaka mtu aje aseme aliibia. Jamani, unyoofu nao una siku unamponza mtu.

Saa nne na robo alisikia chini ya meza, tak. Sauti ndogo, ya Mkwe kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri. Pangaboi likaanza kupoteza pumzi, likakwaruza mara moja, likasimama. Ndiyo, akajiambia, huu hapa mtihani. Akangoja ile milio minne.

Haikuja.

Akahesabu mpaka thelathini. Kimya. Akahesabu tena. Sasa shaka ikamwingia, maana tak ile huweza pia kusikika umeme ukiyumba tu, na pangaboi mtu yeyote anaweza kulizima kumpima. Akisema Mkwe yuko kwenye betri na kumbe sivyo, kiti langoni. Akinyamaza, kiti langoni. Alisikia viatu vya Mkuu mlangoni, na pumzi ya Dereva nyuma yake.

"Fundi," Mkuu alisema kuelekea korido, "ndiyo umezima?"

"Sijagusa kitu, Mkuu. Umeme umekatika wenyewe."

"Shangazi?" Mkuu akamwita, na alimwita kwa upole mno. Upole ule ulimchoma Shangazi kuliko tusi. Akafungua mdomo, na simu ikalia.

"Zimamoto. Sema ulipo kwanza."

Alikuwa mwanamke, anakohoa. Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, mkabala na posta ya zamani. Wako watano darasani, wanajifunza kushona, ngazi imejaa moshi. Shangazi alikuwa ameshabonyeza kengele kabla hajamaliza kusikiliza. "Duka la rangi, mkabala na posta ya zamani, watu watano ghorofa ya pili," akasema kwenye redio, na viatu vikatimka, milango ya gari ikapigwa, king'ora kikatoka uwanjani. Dereva alikwenda nacho, na Dereva ndiye aliyekuwa akiwasha jenereta kila umeme ukikatika. Fundi akaachiwa jenereta asiyoijua, na Shangazi alimsikia huko nyuma akiivuta kamba, ikikoroma, ikikataa.

"Msishuke," alimwambia yule mwanamke. "Fungeni mlango wa darasa. Mna vitambaa hapo? Vilowesheni, mzibe nao chini ya mlango. Kisha dirishani, mkae chini chini. Mimi nipo."

Huku anasema hayo, mkono wake wa kulia ulishuka ukamshika Mkwe ubavuni. Ndani mlikuwa na mtetemo. Kile kipangaboi chake kidogo, ambacho Fundi alimwambia hakizunguki ila akiwa kwenye betri, kilikuwa kinazunguka. Basi yuko kwenye betri. Ila kimya. Mtu amemziba mdomo, na aliyemziba mdomo huenda amegusa na kingine, huenda betri haikushiba, huenda zimebaki arobaini na huenda zimebaki tatu. Na yeye hatajua. Sauti hii iliyo sikioni mwake itakatika katikati ya neno, kama ile. Mgongo wake ukaacha egemeo la kiti.

Kidole kikapapasa. Kitupu. Shimo. Akakiondoa pole pole, akasogea. Nukta moja. Akabonyeza, moja. Mbili. Tatu.

Mwanamke akapiga ukelele. Kioo cha dirisha la chini kilikuwa kimepasuka. Shangazi akasema, "Hicho ni kioo tu, moto haujapanda, umefunga mlango?" na alipoambiwa ndiyo, akagundua hesabu imempotea. Ilikuwa tatu au nne?

Wapo ambao hapo wangebahatisha. Shangazi aliinua kidole akakiweka hewani. Dakika moja. Isipoguswa dakika moja, inarudi mwanzo. Aliingoja dakika hiyo yote akiongea na yule mwanamke, akimuuliza wenzake majina, mmoja mmoja, na kumfanya ayarudie, huku Mkuu mlangoni akiutazama mkono ule uliosimama hewani bila kuelewa kitu. Kisha akashuka tena. Kitupu, akapita. Nukta moja. Moja, mbili, tatu, nne. Nukta mbili, akashikilia.

Mkwe akalia mlio mmoja mfupi. Halafu, baada ya kimya kilichokuwa kirefu kuliko dakika ile, akalia minne, taratibu, akapumzika.

Minne. Shangazi akafumbua mdomo akavuta pumzi. Kwa visikizi akasikia king'ora kimeufikia ule mtaa, akasikia ngazi ya chuma ikigonga ukuta, na sauti ya Dereva ikisema kwa mbali, aliye karibu na dirisha aje kwanza. Mwanamke alisema asante mara tatu, akashushwa, na simu ikabaki wazi kwenye chumba kisicho na mtu. Mkwe alilia minne yake mara nyingine nne kabla jenereta haijakubali. Wote watano walitoka salama.

Shangazi alivua visikizi akaviweka mezani. Fundi alikuwa amerudi, ananuka dizeli. Mkuu alikuwa hajaondoka pale mlangoni.

"Mkuu, gari limefika na watu wametoka," akasema. "Sasa naomba kuambiwa. Nani alimziba Mkwe mdomo?"

Fundi akajikuna kichwa. Ukucha wake ulisikika. Hakutaka kumtaja mtu.

"Ni mimi," Mkuu akasema. "Jana nilikuuliza kama kelele zinakusumbua, ukapunga mkono. Nikadhani umechoka nazo. Ulipoondoka nikamwambia Fundi aizime sauti. Nilikuonea huruma, Shangazi."

Shangazi hakupandisha sauti. Hakuwa na haja, chumba kilikuwa kidogo.

"Surua iliniziba macho mara moja, Mkuu, na sikuwa na la kufanya, nilikuwa mtoto. Leo umeniziba wewe mara ya pili."

Shangazi akasikia hatua za Mkuu zikija hadi mezani, na kwenye kona ya kikombe akasikia karatasi ikichukuliwa, ikikunjwa mara moja, ikikunjwa mara mbili, ikiingia mfukoni. Halafu magoti ya mtu mzima yakalia, mtu huyo akichuchumaa kando ya kiti chake.

"Nionyeshe hivyo vitufe," Mkuu akasema.

"Fumba macho kwanza."

"Utajuaje kama nimefumba?"

"Sitajua," akasema Shangazi. "Utajua wewe."

Mkuu akafumba macho. Akanyoosha mkono chini ya meza, na Shangazi akakishika kidole chake, akakipitisha pale patupu, akakiweka kwenye nukta ya kwanza.